Wajina wawili, parokia moja: daftari lipi litakutenganishia mababu wa Ayalandi?

Mama mkwe wangu alipotimiza miaka 80 nilimpelekea zawadi niliyoihangaikia miezi mingi: mti wa ukoo wa marehemu mumewe, akina Sullivan wa rasi ya Beara, magharibi mwa kaunti ya Cork, nimeuandika kwa mkono na kuutia kwenye fremu. Alivaa miwani akaufuata kwa kidole, kutoka chini kwenda juu. Alipofika kwa Daniel, babu wa mumewe, kidole kikasimama. "Huyu mama yake hakuwa Harrington, mwanangu. Ndugu zetu sisi ni akina Shea. Hata kwenye mazishi wao ndio hubeba jeneza." Nilikuwa nimempachika mumewe babu wa watu wengine.

Nilifikaje hapo? Nilianza na cheti cha ndoa cha 1886: Daniel Sullivan, baba yake Jeremiah, mkulima. Nikaingia kwenye kitabu cha ubatizo cha parokia, nikamkuta Daniel mwana wa Jeremiah aliyebatizwa 1860, mama Mary Harrington. Umri unakubali, baba anakubali, mahali panakubali. Nikafunga kazi. Laiti ningerudi nyuma kurasa chache tu, ningemkuta Daniel mwingine mwana wa Jeremiah mwingine, wa 1858, mama yake Honora Shea. Kiswahili kina neno la watu hao, wajina, na parokia za Ayalandi za karne ya 19 zimejaa wajina.

Tangu siku ile, kabla sijafungua daftari lolote, najiuliza: hili litanipa nini zaidi ya jina? Wajina hawatenganishwi kwa majina yao wenyewe. Wanatenganishwa na mama, na kitongoji, na watu waliosimama pembeni yao kanisani. Kwa kipimo hicho ndicho nitalinganisha hapa nyaraka tulizo nazo, kwa ajili ya wenzangu tuliooa au kuolewa huko na tunaotaka watoto wajue pande zote mbili.

Kwa nini wanafanana hivyo

Mimi ni wa Nyeri, na kwetu jambo hili halihitaji maelezo marefu. Mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama. Familia nyingi za Ayalandi zilifuata utaratibu huohuo, na mwana wa tatu akapewa jina la baba mwenyewe. Tofauti iko kwa wasichana: Wakikuyu huanza na nyanya mzaa baba, Waayalandi walianza na nyanya mzaa mama, kisha mzaa baba, kisha mama mwenyewe. Shika tofauti hiyo, itatufaa mbele.

Sasa piga hesabu. Mzee Daniel ana wana wanne, wote wameoa na kukaa karibu naye. Kila mmoja anampa mwanawe wa kwanza jina la mzee. Tayari una akina Daniel Sullivan wanne, watoto wa mtu na nduguye, wamezaliwa ndani ya miaka kumi hivi na kubatizwa kwenye beseni moja. Kisha weka uzito wa majina ya ukoo. Kwa makadirio ya Robert Matheson wa ofisi ya usajili ya Ayalandi, aliyeyapata kutokana na watoto walioandikishwa mwaka 1890, akina Murphy walikuwa 62,600 na akina Kelly 55,900. Nao hawakusambaa sawasawa. Ryan wamejaa Tipperary, Sullivan wamejaa Cork na Kerry, Gallagher wamejaa Donegal.

Na jina moja huvaa nguo nyingi. Jeremiah wa cheti cha serikali ni Darby kwa majirani, Diarmaid kwa Kiayalandi na Jeremias kwa Kilatini cha padre. Timothy ni Thady, ni Tadhg, ni Thaddeus. Cornelius ni Con. Bridget ni Biddy, na akifika Marekani anageuka Delia. Gobnait, jina la kike la huko Cork na Kerry, kwenye vitabu ni Abigail. Linalonitoa jasho hadi leo ni Hannah: anaweza kuwa Honora, anaweza kuwa Johanna, nayo ni majina mawili mbalimbali. Ukikutana na Hannah usiamue mapema.

Kanisa na serikali, bega kwa bega

Usajili wa serikali wa kuzaliwa, kufa na ndoa kwa watu wote ulianza tarehe 1 Januari 1864. Ndoa zisizo za Kikatoliki zilianza kusajiliwa mapema zaidi, Aprili 1845. Kwa hiyo kwa Mkatoliki aliyezaliwa kabla ya 1864 hakuna cha kuchagua. Kitabu cha ubatizo ndicho peke yake, na hata hicho hakipo kila mahali, kwa sababu parokia nyingi za magharibi vitabu vyake vilivyobaki huanza miaka ya 1820 au baadaye. Ila kuanzia 1864 unazo njia mbili, na hapo ndipo uchaguzi unapokuwa na maana.

| | Kitabu cha parokia ya Kikatoliki | Usajili wa serikali |
|---|---|---|
| Kuzaliwa | Wazazi, mara nyingi na ukoo wa mama, wasimamizi wawili, mara nyingine kitongoji | Wazazi pamoja na ukoo wa mama, kazi ya baba, mahali, aliyetoa taarifa |
| Ndoa | Wenyewe na mashahidi. Baba zao kwa nadra. Ruhusa ya udugu ikiwapo | Wenyewe, mashahidi, makazi, kazi, na majina ya baba wa pande zote mbili |
| Kifo | Mara nyingi hakuna kabisa, hasa kusini | Umri, kazi, sababu, aliyetoa taarifa. Wazazi hawatajwi |

Kwenye kuzaliwa, mimi naanza na kanisa. Kwenye ndoa nageuza, naanza na serikali. Kwenye kifo serikali haina mpinzani, lakini inakupa kidogo sana: mjane haandikiwi ukoo wa kwao, na umri ni wa kukisia.

Uzuri wa kitabu cha ubatizo unauona kwenye mstari wenyewe. Mstari wa kawaida husomeka hivi: *Bapt. Danielem f.l. Jeremiae Sullivan et Honorae Shea. Sp. Joannes Shea et Maria Sullivan.* Yaani, nimembatiza Daniel, mwana halali wa Jeremiah Sullivan na Honora Shea. Wasimamizi John Shea na Mary Sullivan. Maneno hayafiki ishirini, na ndani yake kuna watu watano na koo mbili. Padre alikuwa akiandika jina la ukoo wa mama muda mrefu kabla ya serikali kuliwazia, kwa kuwa mke wa Kiayalandi aliendelea kuitwa kwa ukoo wa kwao hata baada ya kuolewa. Hilo ndilo lililowaokoa mababu zetu. Jeremiah wawili hawana tofauti kwenye karatasi, lakini Shea na Harrington hawachanganyiki.

Usajili wa kuzaliwa una faida yake: mahali pameandikwa kwa uhakika zaidi, na kazi ya baba ipo, kwa hiyo Jeremiah mvuvi na Jeremiah mkulima wanaweza kuachana hapo. Lakini tarehe zake zichunge. Wazazi waliochelewa kuandikisha walitozwa faini, na wengi wakaisogeza mbele siku ya kuzaliwa ili wasilipe. Ndiyo maana utakuta mtoto amebatizwa wiki kadhaa kabla ya "kuzaliwa". Mgeni wa kazi hii huona tarehe haziendani na kusema hawa ni watoto wawili tofauti, akaunda mjina ambaye hajawahi kuishi. Ikigombana tarehe ya kanisa na ya serikali, na wazazi ni walewale mahali ni palepale, mimi namwamini padre.

Jambo jingine linalozaa wajina wa uongo ni msiba. Mtoto akifariki, anayefuata wa jinsia ileile aliweza kupewa jina lilelile. Kwa hiyo ukimwona Patrick wa 1866 na Patrick wa 1869, baba mmoja mama mmoja, usiwapangie maisha mawili. Tafuta kwanza kifo cha mtoto Patrick kati ya miaka hiyo. Baada ya 1864 utakipata kwa msajili. Kabla ya hapo, Cork na Kerry, huenda mtoto yule hana mstari mwingine wowote ulioandikwa juu yake duniani isipokuwa ule wa ubatizo.

Ndoa, kama nilivyosema, ni kinyume. Cheti cha serikali kinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi, na kitabu cha kanisa mara nyingi hakiwataji. Lakini hicho cheti ndicho kilichonipoteza mimi, kwa sababu baba bila mama ni nusu ya habari, na umri ulikuwa umeandikwa neno moja tu lenye maana ya mtu mzima, yaani miaka 21 kwenda juu. Basi usiishie hapo. Fungua na kitabu cha ndoa cha parokia utafute maandishi madogo ya Kilatini juu ya ruhusa ya udugu, *in tertio gradu* au *in secundo gradu consanguinitatis*. Kanisa halikufungisha ndoa ya ndugu wa karibu bila ruhusa ya askofu, na ruhusa hiyo iliandikwa. Ukiona daraja la pili, hao ni watoto wa ndugu wawili. Daraja la tatu, babu zao au nyanya zao walikuwa ndugu. Kwenye parokia yenye Sullivan wakioana na Sullivan, mstari huo mmoja unaweza kukuchorea vizazi vitatu.

Na kuna hazina ya pembeni mwa ukurasa. Yeyote kati yetu aliyefunga ndoa Kikatoliki anakumbuka paroko akidai cheti kipya cha ubatizo kutoka parokia ya nyumbani, ili aone kama hakuna ndoa nyingine iliyoandikwa humo. Desturi ya kurudisha habari ya ndoa kwenye kitabu cha ubatizo iliwekewa nguvu mwaka 1908 kwa amri ya Kanisa iitwayo *Ne Temere*. Kwa babu aliyeoa baada ya hapo, huenda ubavuni mwa ubatizo wake kuna jina la mke na mahali walipooana, hata kama ni Boston au Liverpool. Hapo swali la yupi kati ya wajina linakwisha papo hapo. Daniel wetu alioa 1886, kwa hiyo hakuachiwa msaada huo.

Wasimamizi wa ubatizo

Kama una jioni moja tu ya kufanya kazi hii, itumie kwa wasimamizi. Faharasa nyingi za mtandaoni hazina majina yao, na watu wengi wakiyaona huyaruka kama mapambo.

Nani alimsimamia mtoto? Kaka wa mama, dada wa baba, jirani wa ukuta mmoja. Mara nyingi msimamizi mmoja alitoka upande wa baba na mwingine upande wa mama. Chukua daftari lako, gawa ukurasa mara mbili, upande huu Jeremiah wa Honora Shea, upande ule Jeremiah wa Mary Harrington. Andika watoto wote wa kila nyumba, si Daniel peke yake, na mbele ya kila mtoto andika wasimamizi. Mimi nilipofanya hivyo, kufikia mtoto wa nne picha ilikuwa imejichora. Upande mmoja, John Shea, Bridget Shea, Michael Shea. Upande wa pili hakuna Shea hata mmoja. Nyumba mbili za jina moja, zenye marafiki na mashemeji tofauti kabisa.

Kisha nikaja kwa Daniel aliyeoa 1886, nikakusanya watoto wake yeye. Mtoto wake wa kwanza alisimamiwa na Michael Shea. Binti yake wa pili aliitwa Honora. Hapa ndipo ule utaratibu wa majina unapolipa: binti wa pili kwa Waayalandi ni wa nyanya mzaa baba, na nyanya yule anaitwa Honora, si Mary. Kwa kanuni ya kwetu Nyeri ningemtazama binti wa kwanza, na ningepotea mara ya pili. Kila kimoja peke yake ni dokezo tu. Wapo waliovunja utaratibu kwa sababu zao, na Honora lilikuwa jina la kila nyumba. Vikija viwili vitatu kwa pamoja ndipo ninaposogea.

Hata hapo sikusogea mpaka nimpate yule mwingine. Hili nalishikilia kwa nguvu kuliko yote: wafuate wajina wote wawili, hata kama unayemtaka ni mmoja. Daniel wa Mary Harrington nilimpata kwenye sensa ya 1901, kitongoji kingine cha parokia ileile, ana mke na watoto, na ndani ya nyumba yupo mama yake mjane, Mary. Alipopata pake, mume wa ile ndoa ya 1886 akabaki mmoja tu.

Ardhi au sensa?

Moto wa Four Courts, jengo la mahakama la Dublin lililokuwa na hifadhi ya kumbukumbu za umma, tarehe 30 Juni 1922, uliteketeza karibu sensa zote za 1821 hadi 1851. Za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu, na za 1881 na 1891 ziligeuzwa kuwa malighafi ya karatasi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo kwa vitendo sensa ni mbili: 1901 na 1911. Zote zinasomwa bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi.

Kati ya hizo mbili, kwa kutenganisha wajina naipendelea ya 1911. Iliwauliza wake wameolewa miaka mingapi, wamezaa watoto wangapi waliozaliwa wakiwa hai, na wangapi kati yao bado wanaishi. Idadi ya watoto ukiipanga sambamba na ubatizo ulioukusanya, unajua mara moja kama umeshika nyumba sahihi. Umri usiutegemee. Pensheni ya wazee ilianza kulipwa Januari 1909 kwa wenye miaka 70, na kati ya 1901 na 1911 watu wengi walizeeka kwa zaidi ya miaka kumi. Siwalaumu, wengi wao hawakuwahi kuandikiwa tarehe. Ukitafuta kwa umri mkali utamkataa babu yako mwenyewe.

Kwa miaka ya kabla ya hapo, ardhi ndiyo inayokaa mahali pa sensa. Uthamini wa Griffith, yaani orodha ya ardhi na nyumba kwa ajili ya kodi, uliofanywa kati ya 1847 na 1864, unataja mkuu wa kila nyumba au shamba, kitongoji kwa kitongoji, na Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000. Wake na watoto hawamo, na hilo ni pungufu kubwa. Lakini kwa shida yetu una zawadi isiyopatikana kwingine. Wajina wakiwa kitongoji kimoja, mthamini alilazimika kuwatofautisha, kodi ya mmoja isije ikadaiwa kwa mwenzake. Akaandika mabanoni jina la baba, au kazi, au lakabu ambayo majirani walimwitia: *Bawn*, mweupe, *Roe*, mwekundu wa nywele. Akina Ryan wa Tipperary na Limerick wanazo lakabu hizi hadi leo, na ni za nyumba nzima, hupita kwa watoto na wajukuu. Donegal wana lao: mtu anaitwa kwa jina lake, la baba, la babu, kama vile sisi wa Afrika Mashariki tunavyomwelewa mara moja Juma bin Ali bin Salum. Ukiipata lakabu ya nyumba, ithamini kuliko cheti.

Vitabu vya zaka vya miaka ya 1823 hadi 1837 viko nyuma zaidi, lakini vimeacha miji na watu wasiokuwa na shamba, na mara nyingi havikupi zaidi ya jina na ukubwa wa ardhi. Kwa wajina navitumia mwishoni, nikiwa sina kingine. Madaftari ya marekebisho yaliyofuata baada ya Griffith yana nguvu zaidi: yanaonyesha mwaka ambao jina la mkulima lilikatwa na lingine kuandikwa juu yake. Shamba likihama kutoka kwa Jeremiah kwenda kwa Daniel, umemjua mrithi. Ya kaskazini yako bure mtandaoni kwenye hifadhi ya kumbukumbu ya Belfast, PRONI.

Kama mababu walikuwa Waprotestanti

Hapa mambo yanageuka. Vitabu vya Kikatoliki vilibaki parokiani, kwa hiyo moto wa 1922 haukuvigusa. Vya Kanisa la Ayalandi, yaani Waanglikana, vilihesabiwa kuwa kumbukumbu za umma, vingi vikapelekwa Dublin, na vingi vikaungua. Vilivyonusurika ni vile ambavyo parokia zilikaa navyo.

Mfano mzuri tunaujua sote bila kujua kwamba tunaujua. Barack Obama, ambaye kwa baba ni mtu wa Siaya, kwa mama anatoka pia kwa Falmouth Kearney, mwana wa fundi viatu wa Moneygall, kaunti ya Offaly, aliyevuka kwenda Marekani mwaka 1850. Uthibitisho wa familia hiyo ulipatikana 2007 kwenye vitabu vya Kianglikana vya Templeharry, kwa juhudi za padre wa huko, Stephen Neill. Mei 2011 Obama akaenda kijijini. Vitabu vilikuwa vimenusurika, na babu alikuwa na jina ambalo halina wajina. Falmouth! Angekuwa John Kearney, sijui wangechukua miaka mingapi.

Faharasa au picha ya ukurasa?

Zote mbili, kwa zamu. Faharasa inakupeleka mlangoni, picha ndiyo inakuingiza ndani. Maktaba ya Taifa ya Ayalandi iliweka picha za vitabu vya Kikatoliki mtandaoni bure mwezi Julai 2015, zaidi ya picha 370,000, kutoka miaka ya 1740 hadi karibu 1880. Ni picha za mikrofilamu nyeusi na nyeupe. Kurasa nyingine wino umefifia, nyingine padre alikuwa na haraka. Tovuti yenyewe ya maktaba haina sehemu ya kutafuta kwa jina, unachagua parokia na mwezi. Faharasa zipo kwingine. Irishgenealogy.ie haitozi kitu, na mbali na usajili wa serikali ina vitabu vya kanisa vya Kerry, jiji la Dublin, Carlow na sehemu ya Cork. RootsIreland inalipiwa, lakini inafikia kaunti nyingi na kwa kawaida inaonyesha wasimamizi. Kwa shida ya wajina, pesa ya mwezi mmoja hapo haipotei, mradi uingie ukiwa na orodha yako tayari.

Tahadhari moja kuhusu mipaka: parokia ya Kikatoliki si parokia ya kiraia inayotajwa kwenye Griffith, hata zikiwa na jina moja. Na majimbo ya Kanisa hayafuati kaunti. Beara iko kaunti ya Cork, lakini makanisa yake ni ya jimbo la Kerry. Nilipoteza wiki mbili nikitafuta upande wa Cork.

Na kipimo cha DNA?

Watu huniuliza hili kwanza, mimi naliweka mwisho. Kipimo cha kromosomu Y, kinachopita kwa wanaume, hakitawatenganisha wajina ambao ni watoto wa mtu na nduguye: wote wamebeba ya babu mmoja. Kipimo cha kawaida, kinachosoma urithi wa pande zote za ukoo, kinaweza kusaidia, lakini si kwa kuhesabu akina Sullivan uliolingana nao, maana utalingana nao wote. Hesabu akina Shea. Uzao wa Daniel wa Honora Shea utakuwa na ndugu wa upande huo, na uzao wa Daniel wa Mary Harrington hautakuwa nao, ila kama koo hizo zilioana mahali pengine, jambo ambalo kwenye rasi ndogo linawezekana. Ndiyo maana kitabu cha parokia kinatangulia. Bila kujua ukoo wa mama, huna unachokitafuta ndani ya majibu ya maabara.

Mti mpya nilimpelekea mama mkwe baada ya Pasaka. Safari hii nimewachora akina Daniel wote wawili, kila mmoja na mama yake juu yake, na wasimamizi wa ubatizo nimewaandika pembeni kwa penseli, kwa kuwa wengine bado sijawapatia nyumba zao. Alikaa nao mezani mpaka chai ikapoa. Kisha akaweka kidole, si kwa Daniel, bali pembeni kwenye maandishi ya penseli, juu ya Michael Shea aliyemsimamia mtoto wa kwanza. "Shamba la huyu," akasema, "ndilo lile lenye mti mkubwa njiani. Wajukuu zake bado wako pale. Kesho tukitoka kanisani nitakupeleka."